Tiketi ya Pili ya Wifi Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Wifi yako anasafiri Ijumaa kwa basi la asubuhi kuja huko kwenu, ambako ile filamu yao itaonyeshwa jioni hiyo hiyo. Ana tiketi mbili za kuingilia. Hayo ameyasema mwenyewe leo asubuhi, akiwa juu ya ngazi anapaka dari ya korido yetu. Tiketi ya kwanza ni yake. Ya pili hakusema ni ya nani, nami sikumuuliza. Kwa nini sikumuuliza, mimi niliyekula mkate wa kuuliza watu maswali tangu nikiwa na nywele zote, ndiyo habari yenyewe ya barua hii.

Sasa salamu, usije ukasema gazeti limeninyima adabu. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia linabashiri mvua kuliko watu wa hali ya hewa. Kama bado linabashiri, lipe likizo, kaa chini. Shemeji hajambo? Wapwa zangu je? Yule wa mwisho mwambie tembo aliyenichorea nimembandika juu ya meza yangu kazini, na kila apitaye anamtambua kuwa ni mhariri wetu.

Sisi huku wazima. Mama hajambo. Sikio la kushoto limegoma kabisa, ila la kulia linasikia hata yasiyosemwa, kwa hiyo hakuna alichopungukiwa.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu yako unaiweka spika huku unaosha vyombo, na kila ninalosema hujadiliwa na nyumba nzima kabla sijakata. Haya yasome peke yako. Dereva wa basi la Alhamisi tunafahamiana, ataiacha bahasha kwenye ofisi yao uichukue hapo.

Unakumbuka jiko letu lilivyokuwa ulipokuja mara ya mwisho: ukuta wa upande wa sinki umevimba kama shavu lenye jino bovu. Wifi yako alikuwa ameshaniambia mara nyingi kwamba bomba linavuja kwa ndani. Ukafika wewe, mkamwita mtu wa bomba, mkanunua ndoo ya rangi, wewe ukashika ngazi, yeye akapanda. Nilirudi jioni nikakuta jiko la njano. Nikasema limekaa vizuri, nikaomba chai. Nilidhani habari imeishia hapo.

Haikuishia. Jirani wa juu aliliona akataka lake liwe vile. Kisha dada wa huyo jirani. Kisha duka la dawa la mtaa wa pili. Wifi yako akanunua ovaroli, akanunua ngazi ya kukunja, akajifunza kupiga msasa, kuziba nyufa na kukadiria rangi ya chumba kwa kukizunguka mara moja tu. Leo ana mafundi wawili chini yake, wanaume wenye ndevu zao, wanaomwita Bosi bila kucheka. Ukimpigia simu saa za kazi anasema "niko juu" halafu anakata. Hilo linahusu wateja, ndugu, na mume pia.

Juzi simu yake ilimsahau nyumbani, nikaipokea mimi.

"Naongea na nani?" sauti ya mama mmoja ikauliza.

Nikamtajia jina na kazi yangu yote, mwandishi mwandamizi, ukurasa wa mbele.

"Aaa! Mume wa fundi! Baba, mwambie chumba cha watoto kimekauka, aje apige rangi ya pili."

Nimewahoji mawaziri mpaka wakalowa kola. Nimefukuzwa mikutanoni kwa heshima na bila heshima. Kumbe cheo changu kilikuwa bado njiani kinakuja: mume wa fundi. Zamani yeye ndiye alikuwa mke wa mwandishi. Hakuna aliyenitangazia mabadiliko hayo.

Sasa filamu. Mwaka jana alipata kazi ya kupaka nyumba ya mwanamke mmoja kijana, naye ni mwongozaji wa filamu. Fundi akikaa juu ya ngazi wiki nzima na mwenye nyumba akakaa chini na kikombe chake, maneno hayakosi kushuka. Wifi yako alisimulia, mwongozaji akacheka. Kuta zikaisha, maneno yakabaki. Baadaye yule mwongozaji akarudi na mswada: filamu ya vichekesho juu ya mwanamke aliyechoka kumngoja mumewe alete fundi, akapaka jiko lake mwenyewe, na kutoka jikoni akaenda mbali, mpaka akawa na kampuni, na funguo zake, na usemi wake. Akamwomba wifi yako mambo mawili. Amfundishe mwigizaji mkuu kushika brashi asionekane anapaka siagi. Na kuta zote zitakazoonekana kwenye filamu azipake yeye.

Aliyechaguliwa kuwa mume katika filamu ni mchekeshaji mmoja ninayemwita Kipara, kwa sababu ndivyo alivyo. Ni mfupi kuliko mimi, mnene kuliko mimi, na sauti yake ni ya mlango wa ghala. Nilipoona picha yake nilitulia. Nikajisemea, mtu wa umbo hili hawezi kumtia mtu wivu. Nilikosea, na ushahidi ninao.

Wifi yako ana vicheko viwili. Kimoja ni cha puani, na ndicho ninachopewa mimi. Cha pili kinatoka tumboni, mpaka inabidi ashike kitu asianguke. Hicho nilikisikia mara ya mwisho tukiwa bado wachumba, siku binamu yetu alipoteleza na keki ya harusi yake. Nilikwenda kumchukua walipokuwa wakipiga picha, na tangu getini nikasikia kicheko cha pili. Nikaingia. Wifi yako yuko juu ya ngazi. Chini yake Kipara ameishika ile ngazi kwa mikono miwili, na mguu mmoja kakanyagia kidato cha kwanza isiteleze, uso kaugeuzia ukutani, anasema maneno nisiyoyasikia. Waliponiona walinyamaza. Halafu wakacheka upya.

"Karibu, shemeji," Kipara akasema.

"Shemeji tangu lini?"

"Tangu mkataba. Mimi ni mume mwenzio, hukuambiwa?"

Watu wa kamera wakacheka, mtu wa taa akacheka, mwongozaji akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Nikamuuliza wifi yako kama yuko tayari twende.

"Bado kuta mbili," akanijibu kutoka juu. "Tangulia."

Nikatangulia. Njiani nilikuwa naiwaza ile mikono miwili kwenye ngazi.

Kuanzia hapo Kipara akahamia nyumbani kwetu bila kuja. Chai ikipoa, Kipara ana neno juu ya chai iliyopoa. Jirani akigombana na mkewe, Kipara amewahi kuigiza ugomvi kama huo. "Kipara anasema." "Kipara alisema." Katika nyumba ambayo mimi ndiye mwandishi, mtu aliyenukuliwa zaidi mezani ni yeye. Mama naye, ambaye hajawahi kumwona, akaanza kuuliza hali yake.

Jambo jingine nililoliona wakati huo ni kwamba wifi yako alikuwa akinitazama. Nikisoma gazeti, ananitazama. Nikivua miwani nikaipangusa kwa ncha ya tai, anatazama mkono, anatazama tai. Nilifurahi. Nilidhani ni mahaba yamerudi. Ilikuwa utafiti.

Filamu ilionyeshwa hapa Jumamosi iliyopita. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama ukutani. Tulikaa safu ya tatu, mimi kulia, wifi yako kushoto, na Mama katikati ili sikio lake zima liwe upande wangu.

Inaanza hivi. Jiko. Ukuta umevimba. Mke anasema, "Mume wangu, bomba linavuja." Kipara yuko mezani na gazeti. Analishusha. Anavua miwani. Anaipangusa kwa ncha ya tai, kioo kimoja, halafu cha pili. Anaivaa. Anasema:

"Kwa mujibu wa nani?"

Ukumbi ulipasuka.

Mama akageuka kunitazama. Kwa sababu ya lile sikio lililogoma, Mama hajui sauti yake inafika wapi. Akasema, na nadhani hata walioko nje walisikia: "Heee! Huyu ni wewe mtupu!"

Nikamwambia kwa upole kwamba hafanani nami hata kidogo.

"Nyani haoni kundule," akasema Mama, na safu ya nne yote ikashangilia.

Dada, wewe unajua ninavyofanya kazi. Mtu akiniambia daraja limebomoka, namuuliza kwa mujibu wa nani. Ndivyo habari inavyotengenezwa. Sikujua kwamba swali hilo hilo nimekuwa nikilileta nyumbani kila jioni pamoja na mfuko wa mkate. Katika filamu maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, Kipara anainua suruali na kuuliza kwa mujibu wa nani. Mke anasema amepata kazi. Kwa mujibu wa nani? Mke anasema anampenda, Kipara anapangusa miwani. Ilipofika katikati, watazamaji walikuwa wanalisema kabla yake, kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Hilo ningelivumilia. Mtu wa magazeti huvumilia kuchekwa. Kilichonishinda ni kipande kinachofuata.

Mke anapata kazi ya kupaka chumba cha habari, ofisini kwa mumewe. Amevaa ovaroli, kofia, na kitambaa cha kuziba pua. Mume anapiga chapa, mgongo ameupa ukuta. Mke anapaka nyuma ya kiti chake. Bila kugeuka mume anasema, "Fundi, usinidondoshee rangi." Mke anajibu, "Sawa, bosi." Inakwenda hivyo mchana kutwa. Fundi, sogeza ndoo. Sawa, bosi. Fundi, funga dirisha. Sawa, bosi. Mwisho mume anamuuliza, bado hajageuka, "Fundi, una mume wewe?" Na mke anajibu, "Ninaye, ila hajathibitishwa."

Watu walipiga miguu sakafuni. Mwanamke mmoja mbele yetu alitoka nje kwenda kupumua. Mimi nilianza kuhesabu miezi, kwa sababu ofisi yetu ilipakwa rangi mwaka jana.

Nilimtazama wifi yako. Alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani, mtulivu kama maji ya mtungini.

Jumatatu nilifika kazini mapema nikamtafuta mhudumu wa ofisi, yule anayetunza funguo na ndiye husimamia mafundi. Nikamuuliza ni nani aliyepaka chumba cha habari.

"Si shemeji yetu, mkeo!" akasema. "Kwani hukujua?"

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, hapo hapo kwenye kiti chako. Sisi tulidhani mmenuniana. Alikula na sisi mchana, akasema tusikusumbue, una habari ya bajeti."

Ninasema haya kwa kumbukumbu tu: alikuwa amefunika pua, kofia imeshuka mpaka machoni, ameuelekea ukuta, na ile bajeti ilikuwa na makosa ya hesabu kurasa mbili. Mtu yeyote angepitiwa. Nilipomtajia mhudumu, wifi yako akanithibitishia kwamba yote yalikuwa vile vile isipokuwa lile swali la mume na jibu lake. Hayo aliyaongeza Kipara.

Na hapo ndipo wivu wangu ulipo, Dada, usiutafute pengine. Kipara alijua kabla yangu. Kabla sijajua kwamba mke wangu alisimama nyuma ya kiti changu siku nzima, alijua mwongozaji, akajua mwigizaji mkuu, wakajua mpiga picha na mtu wa taa, na baada ya wote hao ukajua ukumbi mzima pamoja na waliosimama. Mimi nilipata habari ya nyumbani kwangu kwa kulipa kiingilio. Katika kazi yetu hakuna jambo baya kama kupitwa na habari. Kupitwa na mtu mwenye kipara, juu ya mke wako mwenyewe, sijui hata huitwaje.

Mtaani hali ni hivi. Jana nilikwenda buchani. Mwenye bucha akaniambia nyama imepanda.

"Tangu lini?" nikauliza.

Akaweka kisu chini, akatazama foleni. "Usilikatishe, mkuu. Liseme lote."

Na foleni nzima, pamoja na bibi mmoja mwenye mkongojo ambaye sijawahi kumwona, ikalisema lote. Nikachukua nusu kilo nikaondoka. Kinyozi ananiita Kwa Mujibu. Walinzi wa kiwanda cha magodoro wananiita Kwa Mujibu. Mmoja wa wale mafundi wenye ndevu alianza kuniita hivyo, kisha akakumbuka mimi ni mume wa Bosi, akaomba radhi. Radhi ile iliniuma kuliko jina.

Mhariri alitaka niandike habari ya filamu. Nikamwambia siwezi, nina maslahi binafsi. "Wewe ndiye chanzo cha kuaminika kuliko wote," akasema. Nikakataa tena. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, akatikisa kichwa akaenda zake, na kazi ikabaki mezani kwangu. Nikaandika jina la filamu, urefu wake, waliohudhuria. Akanirudishia: sikusema kama inachekesha. Nikaongeza sentensi moja, kwamba watazamaji walionekana kucheka. Imechapishwa ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la matairi.

Basi sasa umeelewa kwa nini sikuuliza juu ya ile tiketi. Nikimuuliza wifi yako "ni ya nani?", nimekwisha. Ataona miwani, ataona tai, atacheka kile kicheko cha puani, na jibu sitalipata. Kazi yangu yote ni swali, na swali limechukuliwa.

Kwa hiyo nachunguza bila kuuliza. Mama si yeye. Amesema basi linamvunja kiuno. Mafundi wanabaki, wana kazi ya shule. Kipara ni mwigizaji, anaingia kwa mlango wa nyuma, tiketi ya nini? Ila jioni hii nimesikia sauti yake kwenye simu ya wifi yako, sauti ile haihitaji spika: "Ngazi usijali, nimeshaipakia, utaikuta huko." Ngazi gani? Na begi la safari liko wazi kitandani. Ndani yake, juu ya gauni zuri, kuna ovaroli imekunjwa. Nani anakwenda kutazama filamu na ovaroli?

Nitaliandika moja kwa moja, kwa sababu hakuna anayesoma ila wewe. Tiketi ile naitaka mimi. Nataka kukaa karibu naye, hata watu wakinicheka katika miji yote filamu inakopelekwa. Tangu Jumamosi analala mapema, anaamka mapema, ananijibu vizuri kabisa kama anavyowajibu wateja. Akienda Ijumaa na mtu mwingine pembeni yake, akisikia ukumbi mwingine unacheka, sina hakika atarudi na haja gani na mtu asiyejua nani anapaka ukuta wake.

Huenda wewe unajua kuliko mimi. Ninyi wawili huongea. Kama unajua, nipigie. Na usiweke spika.

Jumatano jioni

Naendelea. Bahasha sikuifunga.

Nimerudi leo nikamkuta uani, kwenye karo, anaosha brashi. Maji yanatoka ya njano. Nikasimama. Mkono ukaenda wenyewe kwenye miwani, nikaivua, nikashika tai. Nikajua macho yake yameufuata mkono. Nikaiacha tai, nikaitia miwani mfukoni. Bila miwani simwoni vizuri mtu aliye hatua mbili, labda hilo ndilo lililonisaidia.

Nikasema, "Nataka kwenda na wewe Ijumaa."

Akafunga bomba.

"Hilo si swali," akasema.

"Si swali."

"Rudia."

Nikarudia. Akakung'uta brashi, ikanirukia shati, wala hakuomba radhi.

"Tiketi ya pili ni ya dada yako," akasema. "Siku ya kwanza ukuta wa jiko ulinitisha kuliko uchungu wa kuzaa. Nani alishika ngazi?"

"Dada."

"Basi huyo ndiye atakayekaa karibu nami. Wewe zinauzwa mlangoni, kama kwa watu wengine wote."

Nikasema sawa, bosi. Sikukusudia. Lilitoka. Nikasikia kicheko kikimpanda, ila akajizuia.

Mengine akayaeleza kwa mpango wake mwenyewe, bila kuulizwa. Tangu siku ile ya jiko alikuahidi kukupakia sebule yako, na ahadi hiyo anaitimiza Jumamosi asubuhi. Ndiyo maana ya ovaroli. Ngazi imepakiwa kwenye lori la watu wa filamu linalotangulia na mitambo, na Kipara ndiye anayesimamia mizigo.

"Na atakayeshika hiyo ngazi ni Kipara," nikasema. Sikuinua sauti mwishoni isije ikawa swali.

"Kipara!" Akakaa kwenye ukingo wa karo. "Yule anaogopa ngazi kama paka anavyoogopa maji. Siku ile uliyotukuta, mwongozaji alimlazimisha ashike ili azoee. Kafumba macho, anasali. Nimemwambia, aliye juu ni mimi, unasali nini wewe uliye chini? Akasema anasali nisimwangukie."

Na hapo akacheka, Dada. Cha pili. Cha tumboni. Alishika bomba, bomba likafunguka, tukalowa wote. Najua alikuwa anamcheka Kipara na si mimi. Nimekichukua hivyo hivyo.

"Ungeniuliza tu," akasema baadaye.

"Ningeuliza vipi?"

Akafikiri. "Kweli. Usingeweza."

Halafu akaniambia kwamba mshika ngazi kwa Jumamosi hana. Mafundi wako shuleni, wewe goti lako, shemeji ana shughuli zake. Kazi ya mshika ngazi, akasema, ni kusimama, kukanyagia kidato cha chini, kutazama juu, na kunyamaza. Hana uhakika kama ninayo sifa hiyo ya mwisho, ila atanijaribu siku moja.

Nimetoka hapo mpaka ofisi ya mabasi. Kiti cha jirani yake kimeshachukuliwa na mwanamume mmoja, fundi wa saa, kwa maelezo ya karani. Mimi nimepata cha nyuma kabisa, juu ya tairi. Nimemuuliza karani huyo fundi wa saa ana umri gani. Karani akaniambia nimwachie kazi yake.

Kuna jambo moja. Tiketi yako ilikuwa iwe siri mpaka Ijumaa. Wifi yako aliniapisha. Lakini habari ikishathibitishwa siwezi kuikalia. Hilo haliko ndani ya uwezo wangu. Basi akikupa, shangaa. Shangaa kiasi, usizidishe, wewe si Kipara. Na nikuambie ukweli, sasa hivi ninayemwonea wivu si Kipara tena wala fundi wa saa. Ni wewe. Safu ya mbele, pembeni yake, gizani, na kile kicheko kikija kitakuja upande wa sikio lako. Mimi nitakuwa nyuma huko na tiketi ya mlangoni. Ukikisikia, kisikie na kwa ajili yangu.

Mama anakusalimu sana. Anasema usimruhusu mtu akuchagulie rangi ya kijivu. Wale mafundi wawili wanakusalimu, wanakuita Mshika Ngazi wa Kwanza. Umekuwa mtu wa historia huko kazini kwao. Nisalimie shemeji, mwambie nitalala popote isipokuwa chumba anachokoroma. Wapwa wote wabusu, na mchora tembo mpe mbili.

Mungu akulindie goti, akulindie nyumba, na akupe subira ya kutuvumilia sote wawili kwa siku tatu.

Wako akupendaye hata leo anapokuonea wivu,

Mdogo wako
(mtaani: Kwa Mujibu)

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha wifi yako amepita nyuma yangu na kusema, bila kusimama, niongeze jambo moja kwenye barua ninayodhani haioni. Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi. Sebule iwe tupu, mapazia yashushwe, misumari ing'olewe. Rangi ni njano, ile ile ya jiko. Kwa mujibu wa Fundi.